Rufaa ya kuvunja nyumba usiku: jinsi ya kuthibitisha nia

Katika rufaa za kifungu cha 304(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, mara nyingi mrufani hakatai kwamba alikutwa ndani. Atasema alikuwa amelewa, au alikuwa akikimbia mvua. Wewe wa upande wa mashtaka unatakiwa uonyeshe kwamba alipoingia tayari alikusudia kutenda kosa kubwa, kama wizi.

1. Anza na hati ya mashtaka. Nia gani imetajwa? Angalia na saa: usiku kisheria ni kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Nje ya hapo ni kifungu cha 304(1), ambacho adhabu yake ya juu ni miaka 7 badala ya 10.

2. Pitia mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi. Hapa ndipo rufaa hushinda au kushindwa. Tangu kesi ya Okeno ya 1972, Mahakama Kuu ikisikiliza rufaa ya kwanza hupima upya ushahidi wote, kwa hiyo usidharau jambo dogo. Tuseme shahidi wa kwanza alieleza kwamba kufuli lilikatwa, runinga ikakutwa imefungwa kwa shuka kando ya mlango, waya wake umeviringwa vizuri. Anayejikinga mvua haviringi waya wa runinga. Nukuu maneno yenyewe ya shahidi, na namba ya ukurasa.

3. Yajibu maelezo ya mrufani moja baada ya jingine. Ushahidi wa mazingira, yaani usiotoka kwa aliyeona tendo lenyewe, kwa mujibu wa kesi ya Koske ya 1949, lazima usiache tafsiri nyingine yenye mantiki inayomwondolea hatia. Ulevi huzingatiwa chini ya kifungu cha 13(4). Usiupuuze, onyesha matendo yaliyohitaji akili timamu. Mpangaji wa zamani aliyeamini kwa dhati kwamba anafuata vitu vyake ni suala zito zaidi, na mzigo wa kuthibitisha unabaki kwetu.

4. Ikidaiwa kwamba hakuna kilichoibwa, jibu ni fupi: kosa hukamilika anapoingia akiwa na nia hiyo, hata kama ni mkono tu uliopita dirishani.

5. Kama mlango ulikuwa wazi na kuvunja hakukuthibitishwa, omba atiwe hatiani chini ya kifungu cha 305, cha kuingia nyumbani kwa nia ya kutenda kosa kubwa. Lakini hicho nacho kinadai nia. Nisipoiona popote kwenye mwenendo, huwa nakubali rufaa kwa maandishi kabla ya siku ya kusikilizwa, kwa sababu aliyeko gerezani anastahili kulijua hilo mapema.