SOMO: Kupiga picha za watoto kwenye machimbo na viwandani (mfano Wazo, Tegeta na Kunduchi)

Wadau habari zenu. Kuna watu kadhaa mmeniuliza picha za watoto na machimbo zinapigwaje bila kutoka zile za kuombea misaada, basi leo naliweka somo lote, maswali mtauliza mwisho.

Natumia mfano wa ukanda wa Tegeta, Dar es Salaam, maana ndo naoujua. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza kuzalisha 1966, yaani kuna mtu mzima pale mwenye wajukuu ambaye hajawahi kukiona kile kilima kikiwa kizima. Ukishuka Kunduchi Mtongani unakuta machimbo ya mawe, watu wanagonga kokoto kwa nyundo, ukizidi kushuka unafika baharini ambako ufukwe umeliwa vibaya sana, na moja ya sababu ambazo wataalamu wamekuwa wakizitaja ni mchanga uliokuwa unachotwa kwenye mito kama Tegeta na Mbezi kwenda kwenye ujenzi, mchanga ambao ulitakiwa ushuke mwenyewe baharini kuulisha ufukwe. Kokoto, saruji, mchanga, vyote vimeenda kujenga hilihili jiji tunaloishi.

Sasa ukipiga shimo tupu, mtu anaona shimo. Hajui kubwa kiasi gani, hajui la lini. Muweke mtoto wa miaka saba pale chini, umbali wa kutosha, ukuta wa mawe nyuma yake, hapo hapo mtazamaji anapata kipimo maana kimo cha mtoto kila mtu anakijua. Na anajua pia huyu atakua, kwa hiyo swali la "hapa patakuwaje" linakuja lenyewe bila wewe kuandika maneno mengi. Mtoto kwenye hizi picha ni kipimo cha ukubwa na cha muda. Sio chambo cha huruma. Ukilishika hilo hatua zingine zote ni rahisi.

Hatua ya 1: Lijue eneo kabla hujamtafuta mtoto

Nenda peke yako kwanza. Fungua Google Earth uangalie picha za satelaiti za nyuma, timelapsi yake inaanzia 1984, utaona machimbo yanavyotanuka na nyumba zinavyoyasogelea. Halafu tembea kwa miguu, uliza wazee mpaka wa zamani ulikuwa wapi, mwembe gani ulikatwa, kisima gani kilikauka. Na usidhani mabadiliko ni uharibifu tu. Pale Bamburi Mombasa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa miti 1971, mivinje kwa wingi, wakaleta mpaka majongoo ya kula yale majani makavu yake ili udongo upatikane, leo ni msitu na watoto wa shule wanaenda kutembea. Hadithi ya kurudi nayo ni hadithi.

Hatua ya 2: Ruhusa (hapa msiruke)

Usiende kichwakichwa na kamera shingoni. Anza kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe, sema unafanya nini. Afu mzazi. Kisheria mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, iko kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo ile ya "mama nimempiga mwanao kapicha eeh" huku unapita haitoshi. Andika karatasi ya Kiswahili chepesi: picha zinaenda wapi, haziendi wapi, mzazi akibadili mawazo anapiga namba gani. Isome kwa sauti hata kama anajua kusoma. Ukikuta bibi ndo analea basi ruhusa ni ya bibi, toa shikamoo, kaa chini, usiwe na haraka, maana bibi atakuuliza wewe ni mtoto wa nani kabla hajakuuliza habari za kamera.

Afu muulize mtoto mwenyewe. Akijificha nyuma ya kanga ya mama yake hilo ni jibu, fungasha.

Na ruhusa sio ya milele. Japani kule Minamata kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki baharini miaka mingi, watu wakala samaki, mishipa ya fahamu ikaharibika, watoto wengine wakazaliwa nayo. Mpiga picha W. Eugene Smith na mkewe Aileen walikaa pale 1971 mpaka 1973, na ile picha ya mama akimwogesha binti yake ilizunguka dunia nzima na kusaidia sana wagonjwa kusikika. Wazazi walikubali ipigwe. Binti akafariki 1977, picha ikaendelea kuzunguka tu, wazazi wakafika mahali wakataka mtoto wao apumzike, na 1998 Aileen aliyekuwa na haki za picha akaamua kuwasikiliza isiendelee kuchapishwa. Kama picha maarufu kiasi kile iliweza kurudishwa ndani, sembuse ya kwako.

Hatua ya 3: Omba albamu ya familia

Hii wengi hawaifanyi na kwangu mimi ndo tamu kuliko zote. Tegeta na Boko kuna nyumba zina albamu za miaka ya themanini na tisini, zile za kurasa za nailoni zinazonata, mama amesimama nje siku ya Idi au ya ubatizo, nyuma yake kuna kilima au shamba la mikorosho. Hakuna aliyepiga kwa ajili ya mazingira, watu walikuwa wanapiga gauni. Lakini mazingira yameingia nyuma bila kualikwa. Omba uipige nakala hapohapo nyumbani kwao, usiondoke nayo, weka karibu na mlango upate mwanga wa pembeni, inua karatasi ya nailoni kama inakubali kuinuka, kama imeganda acha usije ukachana sura ya marehemu wa watu. Kisha tafuta mama alisimama wapi, msimamishe mwanae palepale. Mama mwenyewe ndo atakuelekeza, utasikia "hapana, sogea, mkorosho ulikuwa huku", na huo ubishi wao na bibi rekodi sauti kama wakiruhusu, maana utakuja kuwa maelezo bora ya picha kuliko utakachotunga wewe.

Hatua ya 4: Kamera na mwanga

Lenzi ya 35mm au 28mm, kwa simu tumia ile kamera kuu bila kuzumu. Zima potreti modi! Inatia ukungu nyuma ya mtoto na nyuma ndo kuna habari yenyewe. Kwenye kamera weka f/8 ili mtoto na ukuta wa machimbo vyote visomeke.

Vumbi la chokaa ni jeupe, kamera inadanganyika inadhani kuna mwanga mwingi kupita kiasi, inapunguza, unapata picha ya kijivu na uso wa mtoto umezama gizani. Ongeza ekspoja (kiasi cha mwanga unaoingia) +0.7 mpaka +1. Kwa simu gusa uso wa mtoto kisha vuta kale kajua juu kidogo.

Muda: asubuhi kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 2 jua linatoka upande wa bahari linakipiga kilima cha Wazo usoni, unaona kila tabaka la mwamba. Jioni jua linaenda nyuma ya kilima na vumbi linawaka. Picha ya jioni ni nzuri zaidi ila ya asubuhi inasema zaidi, mi napiga zote mbili naonyesha ya asubuhi. Saa 6 mchana kaa kwenye kivuli unywe maji. Na usibadilishe lenzi ukiwa machimboni.

Hatua ya 5: Muache mtoto awe mtoto

Usimpe nyundo ashike. Usimvue viatu, usimwambie anune. Yaani hii tabia inaniudhi sana, mtu anamkuta mtoto anacheka na chandimu lake mkononi anamwambia "tulia, angalia chini". Wakati ukimuacha apige mpira, goli ni mawe mawili na nyuma kuna kijiko (eskaveta) kinashusha kifusi, tayari una picha yenye mambo yote mawili. Piga kutoka usawa wa macho yake, chuchumaa, na fremu moja moja rudi nyuma sana awe mdogo kabisa.

Mtoto asikae ukingoni mwa shimo wala karibu na maji. Masika machimbo yanajaa maji ya kijani mazuri kwa taswira, na hayo maji yana kina na kuta zimesimama wima, mtoto akiteleza hana pa kushika. Hakuna picha ya thamani hiyo.

Pesa ya pozi mimi sitoi, ukianza kesho watoto watakuwa wanaacha shule kukusubiri barabarani. Natoa picha iliyoprintiwa, kila familia, kila safari.

Hatua ya 6: Weka alama ya kurudi

Andika GPS, urefu wa tripodi, lenzi, mwezi na saa. Chagua kitu kisichohama kiwe kwenye kona ya fremu, nguzo kubwa ya umeme, mbuyu, mnara. Ukirudi mwakani na printi mkononi unalinganisha kona na kona.

Hatua ya 7: Maelezo

Mwezi, mwaka, eneo kwa ujumla, kinachoendelea. Jina kamili hapana, nembo ya shule kwenye sweta ikate au ifiche, data za GPS zifute kabla ya kurusha. Na usiandike "vumbi limemharibu mapafu" kama huna cheti cha daktari. Andika ulichokiona.

MASWALI

Kinyozi wa Boko: Mkuu somo zuri. Nikimkuta mtoto kweli anagonga kokoto sio kwa kupozi nafanyaje, napiga au naacha?

Kama unapiga, usionyeshe sura, piga mikono, lundo, ndoo wanayopimia. Mpiga picha Lewis Hine huko Marekani kuanzia 1908 aliwapiga picha watoto wa viwandani na zile picha zilichangia sheria kubadilika, alikuwa anapima kimo cha mtoto kwa vifungo vya nguo yake mwenyewe ili msimamizi asishtuke. Lakini yeye nyuma yake kulikuwa na kamati nzima ya kupigania wale watoto. Wewe una nini? Kwetu chini ya miaka 18 hairuhusiwi kazi za hatari, na machimbo ni hatari. Ongea na mzazi kwanza kwa heshima, mara nyingi mtoto yuko pale kwa sababu mama yuko pale na hakuna wa kumuachia. Ukiona hali ni mbaya piga 116, ni bure.

Mama Aisha: Mwanangu alipigwa picha na mtu wa mradi fulani, baadae naona sura yake kwenye bango, hata sikuulizwa. Naweza kudai itolewe?

Pole sana dada. Ndiyo unaweza. Waandikie, weka picha ya hilo bango na tarehe, sema huna kumbukumbu ya kutoa ruhusa na unataka litolewe. Wakikaa kimya peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Jomvu Boy: Niko Mombasa, kwetu moshi hakuna tena, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa kitambo, lakini risasi (ile metali ya betri, lead) bado iko kwa mchanga. Sasa nitapigaje kitu hakionekani?

Swali gumu hilo kaka. Mtaa wa Owino Uhuru hapo kwenu umebeba hilo tatizo, mahakama ya mazingira iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020 na Mahakama ya Juu ikairejeshea nguvu hiyo hukumu Desemba 2024, ila ukipita mtaani unaona mabati na watoto wanacheza tu. Basi piga hivyohivyo. Piga ukuta wa kiwanda na umbali wake mpaka mlango wa nyumba, piga vumbi kwenye goti la mtoto aliyetoka kucheza, piga bahasha ya karatasi za hospitali ikiwa imefungwa mkononi mwa mama. Usimpige mtoto kama mgonjwa. Maneno yafanye kazi ambayo picha haiwezi.

Mwana Katanga: Miye niko ku Lubumbashi. Huku kuko ile teril (kilima ya mabaki) nyeusi na shemine (bomba ya moshi) ndefu ya kampuni ya madini Gécamines, batoto banacheza karibu. Foto zangu teril inatoka kijivu na sura ya mtoto inakuwa nyeupe sana. Nifanye nini?

Ndugu yangu kwako ni kinyume cha Wazo. Ile teril ni mabaki ya kuyeyusha shaba tangu 1911, nyeusi tii, kamera inadhani ni giza inaongeza mwanga. Punguza, -0.7 mpaka -1, hakikisha teril imebaki nyeusi, kisha muweke mtoto upande ambao jua linamfikia usoni. Na ile shemine ndo nguzo yako ya kona, haihami.

Neema: Nimepata nafasi ya kuingia ndani ya kiwanda na kamera. Niende na watoto wawili wa jirani?

Hapana Neema. Ingia mwenyewe, vaa kofia ngumu na buti. Watoto wapige nje ya uzio, kwao, wanapoishi.

Fundi Mpya: Unazitunzaje mpaka mtoto akue? Simu yangu yenyewe inajaa kila wiki.

Hard disk mbili, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Jina la faili liwe mwaka-mwezi-eneo-namba, mfano 2025-07-mtongani-03, usiache yale ya IMG. Karatasi ya ruhusa nayo ipige picha uiweke folda hiyohiyo, pamoja na namba ya simu ya mzazi, na kila ukibadilishiwa namba uandike mpya.