Kujilipa mshahara wa kila wiki kwa pesa ya korosho, hatua kwa hatua

Mkulima wa korosho hulipwa ndani ya wiki chache, kati ya Oktoba na Januari, kisha hukaa miezi mingi akila kilekile alichopata. Ndiyo maana huku kusini mwa Tanzania, Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa na Nachingwea, nidhamu ya pesa ni ngumu kuliko kwa mtu anayelipwa kila mwisho wa mwezi. Mwalimu akiteleza Machi, Aprili anaanza upya. Mkulima akiteleza Desemba, anasubiri hadi Oktoba nyingine, na shamba linasubiri naye.

Watu huambiwa wawe na moyo mgumu. Moyo mgumu haumalizi wiki tatu mbele ya pesa taslimu. Nidhamu inayodumu hupangwa kabla pesa haijaingia, halafu hufungwa kwenye kitendo kidogo kinachorudiwa mpaka mtu anakifanya bila kujishauri. Hapa tunajenga tabia moja tu: kujilipa kiasi kilekile kila wiki. Ukitaka pia kuacha pombe ya jioni au kuamka mapema, ngoja hii ishike kwanza. Anayeanza tabia nne Januari mosi, Februari hana hata moja.

Hatua ya 1: Pata namba ya wiki

Piga hesabu Septemba, korosho zikiwa bado zinaokotwa. Tuseme baada ya makato yote unatarajia kupokea shilingi 2,000,000. Toa pesa ya shamba (palizi, kupogolea, kupulizia, kuokota), tuseme 700,000. Toa mahitaji ya shule na madeni, 200,000. Toa fungu la ukoo na shughuli, 100,000. Toa dharura, 150,000. Inabaki 850,000. Gawa kwa wiki 52 upate 16,346, kisha shusha hadi 16,000. Mwisho wa mwaka kutabaki 18,000. Kazi yake iko hatua inayofuata.

Namba ikikutisha, usiipandishe ili ujifurahishe. Familia ya watu watano haiwezi kuishi kwa 16,000 kwa wiki bila mihogo, mahindi au mbaazi za kwao wenyewe. Ni afadhali ulijue hilo Septemba, kabla ya mvua, wakati bado unaweza kuandaa ekari moja ya mihogo.

Mnaolima ufuta, hasa upande wa Lindi: msiihesabu pesa ya ufuta kabla haijaingia. Minada yake ikifika katikati ya mwaka na mkalipwa, pigeni hesabu mpya kwa wiki zilizobaki.

Hatua ya 2: Gawa kila malipo siku yanapoingia

Hapa ndipo wengi huanguka, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda mrefu.

Korosho hazilipwi kwa mkupuo. Mzigo uliopeleka chama cha msingi (ushirika wa wakulima) wiki hii unaingia mnada mmoja, wa wiki ijayo unaingia mnada mwingine kwa bei nyingine, na daraja la pili haliuzwi sawa na la kwanza. Kwa hiyo meseji za benki zinakuja kwa vipande: laki tatu leo, laki sita baadaye, laki na nusu mwishoni. Mkulima anaiona ile laki tatu ya kwanza kuwa ya kufungulia msimu, ya kununua kitanda na kulipa bodaboda, kwa kuwa pesa ya shamba itatoka kwenye malipo yajayo. Malipo yajayo nayo yanasukumwa mbele. Mwisho shamba linaachiwa malipo ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo madogo kuliko yote, maana korosho za mwisho wa msimu hunyeshewa na kushuka daraja.

Dawa yake ni kugawa kila malipo kwa uwiano uleule, hata yakiwa madogo. Kwa hesabu yetu, kila laki moja inagawanyika hivi: 35,000 shamba, 10,000 shule na madeni, 5,000 ukoo, 7,500 dharura, 42,500 matumizi ya wiki. Ikiingia 340,000, shamba linapata 119,000, shule na madeni 34,000, ukoo 17,000, dharura 25,500, na matumizi 144,500. Andika uwiano huo nyuma ya jalada la daftari kabla ya mnada wa kwanza ili siku ya malipo usifikirie chochote, ufuate tu.

Mambo ya kuangalia:

Kabla hujagawa, usitumie hata nauli ya kwenda benki kutoka kwenye pesa hiyo. Mtu akishachota elfu tano "za njiani", tayari ameanza kuhesabu upya kichwani, na hesabu ya kichwani humpendelea mwenye kichwa.

Deni likiwa kubwa kuliko ulivyokadiria, ongeza fungu lake kwa kupunguza matumizi ya wiki. Shamba usiliguse kwa sababu yoyote. Shamba lisilopuliziwa kwa wakati huliwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, maua yakiwa bado machanga, na hapo unakuwa umelipa deni la mwaka huu kwa mavuno ya mwaka ujao.

Bei ikishuka, uwiano haubadiliki. Inayobadilika ni namba ya wiki. Kwa hiyo mpaka malipo ya mwisho yaingie, jilipe robo tatu ya uliyokadiria, yaani 12,000 badala ya 16,000. Malipo yakikamilika, jumlisha fungu lote la matumizi lililobaki, gawa kwa wiki zilizobaki, ndipo utakapopata namba ya kweli. Kuanza chini na kupanda hakumuumizi mtu nyumbani. Kuanza juu na kushuka huleta ugomvi.

Tena, usijinyime wiki ya kwanza. Nyumba iliyosubiri tangu Machi ikiambiwa hakuna kilichobadilika, itauvunja mpango mzima. Wiki ya malipo ya kwanza jilipe mara mbili, mle samaki wazuri, mnunue kitenge. Ile 18,000 inayobaki kwenye hesabu inatosha kufidia hilo.

Mwisho, ugawaji ufanywe na mume na mke wakiwa wamekaa pamoja, meseji ikiwa wazi mbele yao. Mgawo wa siri hauvuki Januari.

Hatua ya 3: Kila fungu likae mahali pake

Pesa ya shamba iwekwe mbali kuliko zote. Ninapendelea akaunti ya muda maalumu inayoiva Aprili, kwa sababu kupulizia huanza kuhitaji pesa Mei na kuendelea wakati mikorosho inachanua. Uliza benki maswali mawili kabla hujasaini: kiwango cha chini ni kiasi gani, na ukivunja mapema unapoteza nini. Kama kiasi chako hakifikii, fungua akaunti ya pili isiyo na kadi. Hata mwaka ambao pembejeo za ruzuku zimefika, wapulizaji, petroli ya mashine na wafyekaji ni pesa yako. Ukiamua kununua salfa, dawa ya unga ya kupulizia ubwiriunga, mapema, ihifadhi pakavu, mbali na moto, chakula na watoto. Salfa inashika moto.

Dharura iweke kwenye kikundi cha hisa, kile chenye sanduku la kufuli tatu na washika funguo watatu. Lakini uliza kikundi kinagawana lini. Vikundi vingi hupenda kugawana Desemba, yaani unapokea akiba yako wakati tayari una pesa ya korosho mkononi, na zote zinakwenda pamoja. Tafuta au shawishini kikundi kigawane Aprili. Badiliko hilo dogo la tarehe linasaidia kuliko semina nyingi.

Kwenye simu iwepo pesa ya wiki hii tu. Kibubu cha mbao sikishauri kwa pesa kubwa: mchwa, wezi, na kisu cha jikoni.

Hatua ya 4: Funga siku ya malipo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya

Chagua siku moja na kitendo kimoja ambacho hakijawahi kukupita. Andika sentensi moja: "Jumamosi nikitoka msikitini alfajiri, napita kwa wakala natoa 16,000." Au: "Jumatatu nikishampeleka mtoto shule, natoa 16,000." Siku ya gulio ni mbaya, kwa sababu unatoa pesa ukiwa umesimama mbele ya bidhaa. Kiasi kisibadilike wala mara moja isigeuke mara mbili. Zikiisha Alhamisi, mnakula cha shambani mpaka siku ya malipo.

Hatua ya 5: Daftari la kila jioni

Hili linaonekana dogo, nalo ndilo linaloibeba tabia yote. Kujilipa hutokea mara 52 tu kwa mwaka, na tabia hukomaa kwa marudio. Mwaka 2009 watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja ya kila siku kwa wiki 12. Kwa makadirio yao, muda wa tabia kufanyika yenyewe ulitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254 (mrefu kuliko wiki 12 ulikisiwa kwa hesabu), na mtu wa katikati alikuwa kwenye siku 66. Kwa kitendo cha mara moja kwa wiki, marudio 66 ni zaidi ya mwaka mzima. Ndiyo maana unahitaji kitendo cha kila siku kinachoishika ile ya wiki: kuandika matumizi ya siku.

Tumia kaunta buku na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari lenyewe. Kalamu inayotafutwa haiandiki. Programu za simu siziafiki kwa kazi hii: simu huisha chaji, na anayeiona hesabu ni mwenye simu peke yake, wakati daftari linaonwa na kila mtu wa nyumba. Safu nne zinatosha: tarehe, kitu, kiasi, baki. Liweke pale mnapolia chakula cha usiku, uandike kabla ya kunawa mikono. Siku isiyo na matumizi andika sifuri. Sifuri ni marudio pia.

Ukisahau siku moja, endelea kesho bila kujilaumu. Utafiti uleule ulionyesha kwamba kukosa mara moja hakuiharibu tabia inayojengwa. Ukikosa siku tatu mfululizo, kuna kitu kimevunjika kwenye mpangilio: daftari limehamishwa, au mnakula saa nyingine. Rekebisha hicho.

Hatua ya 6: Fungu la ukoo

Ushauri wa kukataa ndugu zako hauna maana huku kwetu. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana wajibu kwa watoto wa dada yake, wa jando na unyago ukiwemo. Anayeukwepa wajibu huo ataona aibu, kisha atachota pesa ya shamba usiku ili aifute. Kwa hiyo wajibu huo uwe na fungu lake tangu Septemba, na mpe dada yako taarifa mapema kwamba kwa mpwa umetenga kiasi fulani. Mwenye shughuli akijua kiasi mapema, hupanga shughuli kwa kiasi hicho.

Fungu likiisha, jibu liwe tayari mdomoni: "Fungu la shughuli la mwaka huu limekwisha, mjomba. Nina kilo tano za mbaazi nikuchangie." Kutoa kitu kingine huilinda heshima ya pande zote mbili. Usiseme "sina pesa", kwa sababu kijiji kizima kinajua ulipeleka magunia mangapi ghalani.

Hatua ya 7: Machi hadi Julai

Hii ndiyo miezi ya kangomba, yaani biashara ya korosho nje ya mnada. Mnunuzi anakuja na pesa taslimu anazitaka korosho ambazo bado hazijazaliwa, kwa vipimo visivyo rasmi na bei aliyoipanga yeye. Ni kinyume cha sheria, na kwa mkulima ni kuuza msimu mzima kwa njaa ya wiki mbili.

Shida ikija, fuata mpangilio huu bila kuruka: fungu la dharura, kisha mkopo wa kikundi, kisha kibarua, kisha kujikopesha mwenyewe kutoka wiki za mbele. Ukijikopesha 40,000, punguza mshahara wako kwa 2,000 kwa wiki 20, na liandike deni hilo daftarini kama la mtu mwingine, kila wiki likipungua. Usilipe kwa wiki nne. Mshahara ukishuka hadi 6,000 nyumba haitavumilia na mpango utakufa.

Septemba, kabla gunia la kwanza halijaenda ghalani, jumlisha safu ya kiasi kwa mwaka mzima na ugawe kwa idadi ya wiki ulizoandika. Hiyo ndiyo gharama halisi ya nyumba yako. Ilinganishe na ile namba ya hatua ya kwanza, urekebishe uwiano wa kila laki, na uandike mpya nyuma ya jalada la daftari jipya.