Muulize afisa wa wilaya kabla ya kutoa mchango

Shirika lisilo la kiserikali likija kijijini kwenu Uganda kuomba michango au kuandikisha watoto, usitosheke na cheti cha usajili kinachoning'inia ukutani. Omba kuona mkataba wa maelewano waliotia saini na serikali ya wilaya yenu, kisha uupeleke kwa afisa wa maendeleo ya jamii wilayani athibitishe. Sheria ya mwaka 2016 inakataza shirika kufanya kazi katika eneo lolote bila idhini ya kamati ya wilaya inayosimamia mashirika hayo na bila mkataba huo. Cheti cha kughushi huchapishwa kwa siku moja, na Kampala hakuna uhaba wa wachapaji, lakini mkataba una upande wa pili ambao ni jirani yako na anaweza kuulizwa. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kibali cha shirika cha kufanya kazi, kwa kuwa usajili peke yake hauruhusu kazi. Njia hii haikufai kwa chama kidogo cha kijamii, ambacho husajiliwa wilayani kwa utaratibu wake, wala haikuambii fedha zinatumikaje. Kwa hilo, dai hesabu zilizokaguliwa.