Jinsi ya kusoma umbo la NGC 1365 na kukokotoa umbali wake

NGC 1365, katika kundinyota la Tanuri, ni galaksi nzuri kuliko zote kwa kujifunzia kazi hii. Upau wake hauna utata, na umbali wake umepimwa kwa njia zaidi ya moja. Tafuta picha yake kubwa iliyopigwa na darubini, na uwe na kikokotoo.

Hatua ya 1: Tafuta upau. Usianze na mikono (mikanda ya nyota iliyojipinda), hata kama ndiyo inayovuta macho. Anzia kwenye kiini angavu, kisha fuata ukanda mnyoofu wa nyota unaotoka pande zake mbili. Huo ndio upau. Mikono miwili mikubwa inachipuka kwenye ncha zake, si kwenye kiini. Ndiyo maana galaksi hii huwekwa katika aina ya SBb: herufi B kubwa ni ya upau, na b ndogo huonyesha mikono iliyojikunja kwa kiasi.

Hatua ya 2: Fuata vumbi. Ndani ya upau utaona michirizi myeusi. Hapo ndipo gesi inapogongana, inapoteza mwendo wa kuzunguka na kuteremka kuelekea kiini. Inapolundikana huko, nyota changa huzaliwa kwa wingi. Katikati kabisa kuna shimo jeusi kubwa linalomeza sehemu ya gesi hiyo. Kaa hapa muda mrefu, kwani michirizi hii inaeleza jinsi upau unavyokilisha kiini cha galaksi.

Hatua ya 3: Umbali. Tumia nyota za Sefeidi, ambazo hung'aa na kufifia kwa mpigo maalumu. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt alichapisha kanuni yake: mpigo ukiwa mrefu, nyota ni angavu zaidi. Ukijua mpigo unajua mwangaza halisi. Toa huo kwenye mwangaza unaoonekana, yote miwili ikiwa kwa magnitudi, kipimo cha wanaastronomia cha mwangaza. Vipimo vya darubini ya Hubble vya miaka ya 1990 vinatoa tofauti ya karibu 31.3. Ongeza 5, gawa kwa 5, upate 7.26. 10 kwa kipeo hicho cha 7.26 ni parseki milioni 18.2; parseki moja ni miaka ya nuru 3.26, hivyo zidisha kwa 3.26, na jibu ni miaka ya nuru milioni 59.

Hatua ya 4: Linganisha na kasi. Galaksi inatukimbia kwa takriban kilomita 1,640 kwa sekunde. Ukigawa kwa 70, yaani kasi ya kutanuka kwa ulimwengu kwa kilomita kwa sekunde kwa kila parseki milioni moja, unapata parseki milioni 23.4, yaani miaka ya nuru milioni 76. Mbona zimezidi? Galaksi hii imo ndani ya fungu la galaksi za Tanuri, na mvuto wa fungu huipa mwendo wake yenyewe juu ya ule wa kutanuka kwa ulimwengu. Kwa galaksi zilizo karibu kiasi hiki, mimi huamini Sefeidi.

Hatua ya 5: Ukubwa. Upana wake angani ni dakika 11.2 za tao (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii). Gawa kwa 3,438, idadi ya dakika za tao katika radiani moja, zidisha kwa milioni 59: takriban miaka ya nuru 192,000. Ukitumia milioni 76 utapata karibu 248,000, kwa hiyo andika daima umbali uliotumia kando ya ukubwa.