Jinsi ya Kuandaa Vitabu na Katuni za Kusoma Wakati wa Likizo

Shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba nchini Tanzania, au Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka nchini Kenya, wazazi wengi huwanunulia watoto vitabu vya mazoezi na kuwaandikisha masomo ya ziada, kisha hushangaa watoto haohao wakilalamika kwamba kusoma kunawachosha. Mwongozo huu unahusu usomaji wa kujifurahisha, na unamlenga mzazi au mlezi mwenye watoto wa rika mbalimbali nyumbani, ambaye naye angependa kushika kitabu chake wakati huohuo. Msimamo wangu ni kwamba likizo iwe na riwaya na katuni kwa pamoja, bila katuni kuhesabiwa kuwa ni kishikizo tu cha mtoto asiyeweza vitabu, na kwamba neno la mwisho kuhusu kitakachosomwa libaki kwa atakayekisoma.

Maandalizi yaanze wiki moja au mbili kabla ya shule kufungwa. Maduka mengi ya vitabu mitaani, kusema kweli, ni maduka ya vitabu vya kiada na madaftari, na riwaya chache zilizopo hukaa kwenye rafu ya nyuma zikiota vumbi, kwa hiyo anayesubiri hadi siku ya mwisho hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mahali pa kuanzia ni duka la TPH (Tanzania Publishing House) katika Mtaa wa Samora, ambako vitabu vya Kiswahili vya wachapishaji wa hapa nchini hupatikana kwa wingi, na pia Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo ilifunguliwa mwaka 1967. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani pia, na nchini Kenya kuna maktaba za umma katika kaunti nyingi. Ni busara kufika mapema na kuuliza masharti ya uanachama, idadi ya vitabu vinavyoruhusiwa kuazimwa kwa mkupuo mmoja, na muda wa kuvirudisha, hasa kama familia itasafiri kwenda kijijini na haitakuwapo mjini tarehe ya kurudisha itakapofika.

Hazina nyingine ni wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara. Huko ndiko zinakookotwa riwaya za miaka ya 1970 na 1980 ambazo hazijachapishwa tena, lakini zinunuliwe kwa macho mawili. Shika kitabu kwa uti wake, kitikise taratibu uone kama kurasa zinashikana, halafu fuata namba za kurasa kuanzia mwanzo hadi mwisho badala ya kutazama jalada tu. Vitabu vya zamani vilivyobandikwa kwa gundi huanza kupoteza kurasa za mwisho, na hakuna hasara inayouma kama kufuatilia mauaji kwa kurasa mia moja na ushee na kugundua kwamba ukurasa wa kumtaja muuaji uliishia kufungia karanga.

Katika kuchagua, usirundike. Vitabu viwili au vitatu kwa kila msomaji vinatosha kuanzia, mradi kimojawapo kiwe chepesi kiasi cha kumalizika katika siku chache, kwa sababu kumaliza kitabu cha kwanza ndiko kunakozaa hamu ya cha pili. Kabla ya kulipa, mpe mtoto ukurasa mmoja wa katikati, si wa mwanzo, ausome kwa sauti. Akikwama karibu kila mstari, kitabu hicho kichukuliwe kwa ajili ya kusomewa na mtu mzima. Akiteleza bila kusita na kuanza kufunua ukurasa unaofuata kabla hujamwambia, umeshapata jibu. Vitabu teule vya mtihani viwekwe kando kabisa. Kama ni lazima visomwe, visomwe asubuhi kama kazi ya shule, na visihesabiwe katika fungu la burudani, kwa kuwa mtoto hatambui likizo ndani ya kitabu ambacho ataulizwa maswali yake Januari.

Kwa watoto wadogo, hadithi za sungura na fisi na hekaya za Abunuwasi hazijapitwa na wakati, na vitabu vyenye picha vilivyotokana na kazi ya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, bado vimo katika maktaba nyingi za shule. Mwenye simu au kompyuta anaweza kutumia African Storybook, ambayo hutoa hadithi za watoto bila malipo katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hadithi hizo zipakuliwe mapema kabla ya safari, maana mtandao wa kijijini hauaminiki.

Mtoto wa darasa la tano na kuendelea anaweza kuanza Shaaban Robert, ingawa si kwa vitabu vyake vyote. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kina majini, safari za baharini na liwali anayelazimika kuwapiga mijeledi manyani wawili kila usiku, na sijui mtoto gani ataisikia habari hiyo asitake kujua manyani hao ni akina nani. Kusadikika cha mwaka 1951 ni kigumu zaidi kwa lugha, lakini kimejengwa kwa namna inayofaa sana kusomwa kwa sauti jioni: Karama, akiwa kizimbani, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali, na kila mjumbe anaweza kupewa jioni yake. Mkubwa anaposoma, asisimame kufafanua kila neno gumu. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA iwe karibu, na maneno yaliyowashinda wasikilizaji yaandikwe pembeni yatafutwe baada ya sura kwisha, kwa sababu kisa kinachokatwakatwa hupoteza utamu wake.

Vijana wa sekondari wapewe vitabu vinavyosafiri au vinavyoficha jambo. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inamfuata kijana kutoka Tanga anayekwenda Kenya kumtafuta baba yake, na inasomeka vizuri mno ndani ya basi la safari ndefu. Katika upelelezi, nambari wani kwangu bado ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia fasihi ya Kiswahili kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na kuendelea katika Kisima cha Giningi, Siri ya Sifuri na vingine. Kiswahili chake ni cha Unguja, kina mizaha na mafumbo, na mwendo wake si wa haraka kama wa riwaya za kijasusi zilizofuata; msomaji avumilie sura mbili za mwanzo. Vitabu vya aina hii vinafaa kusomwa na nyumba nzima kwa zamu. Kabla ya sura ya mwisho, kila mmoja aandike katika kikaratasi jina la anayemshuku pamoja na sababu moja, vikaratasi vikunjwe na kuwekwa ndani ya kikombe, na asiruhusiwe mtu kubadili jina. Bibi asiyesoma kabisa, lakini aliyekuwa akisikiliza huku akichambua mchele, mara nyingi ndiye anayewashinda wote.

Riwaya za Elvis Musiba zenye Willy Gamba na za Ben Mtobwa zenye Joram Kiango ni za watu wazima na vijana waliokomaa, kwa kuwa risasi na mapenzi ni sehemu ya mapishi yake. Mzazi azisome kwanza, jambo ambalo si adhabu hata kidogo. Kwa yeye mwenyewe, ninapendekeza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambayo tangu mwaka 2021 ina filamu iliyoongozwa na Amil Shivji. Isomwe kabla ya kuitazama, ili sura za wahusika ziwe zimeshachorwa na msomaji mwenyewe. Nyingine ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Katuni zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu wazazi wengi huzihesabu kuwa ni mchezo wa kupoteza muda ilhali wao wenyewe walijifunza kusoma kwa kunyang'anyana nakala za jarida la Sani wapate kujua Madenge na Lodi Lofa wamefanya nini. Wakenya wana Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyekaa miaka mingi katika Taifa Leo, na Watanzania waliosoma gazeti la Uhuru wanamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory. Mwaka 1996 Godfrey Mwampembwa, anayefahamika zaidi kwa jina la Gado, alitoa jijini Nairobi kitabu cha katuni cha Abunuwasi kwa Kiswahili, na atakayekikuta popote asikiache. Tangu mwaka 2010 vijana wa Kenya wamekuwa na Shujaaz, iliyoandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure ndani ya gazeti. Najua wapo walimu wanaoichukia Sheng, lakini kijana anayesoma kurasa kumi za Sheng kwa hiari yake anasoma, na Kiswahili sanifu hakitakufa kwa sababu hiyo.

Tatizo ni kwamba katuni husomwa mbiombio. Msomaji hurukia maneno yaliyo ndani ya viputo, hucheka, hufunua ukurasa, na kitabu kizima huisha kabla chai haijapoa. Ili kumfundisha mtoto kukaa na picha, chukua kisa anachokijua tayari, kwa mfano kile cha Abunuwasi na sufuria aliyoiazima kwa jirani akairudisha na kijisufuria ndani, akidai kwamba imezaa. Tuseme msanii amekichora katika visanduku vitatu: jirani akipokea, Abunuwasi akija kuazima tena, na jirani akiwa mlangoni mwa Abunuwasi akidai sufuria yake, ambayo sasa anaambiwa imekufa. Mwambie mtoto afunike viputo vyote kwa vipande vya karatasi, atazame kisanduku cha kwanza peke yake. Macho ya jirani yanatazama wapi, usoni mwa Abunuwasi au kwenye kijisufuria? Mikono yake imeshanyooshwa, au bado ameikunja kifuani? Kisha muulize kilichotokea kati ya kisanduku cha pili na cha tatu, siku ambazo msanii hakuzichora, jirani akisubiri kwa matumaini sufuria yake ijifungue tena. Pengo hilo jeupe kati ya visanduku limeachwa kwa msomaji alijaze, na mtoto akishalizoea, hatakimbia tena kurasa.

Anayependa katuni mara nyingi hutaka kuchora yake. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara mbili na mkunjo wa juu kukatwa kwa kisu, inatoa kijitabu cha kurasa nane, na kurasa nane zinatosha kisa kimoja cha Sungura. Aanze kwa penseli, na ndani ya kila kisanduku ayaandike maneno kwanza, ndipo aviringishe kiputo kuyazunguka. Wanaoanza hufanya kinyume chake: huchora kiputo kizuri cha mviringo, kisha maneno hubanana pembeni na kushuka chini kama nzige. Anayezungumza kwanza awekwe kushoto, la sivyo jibu litasomwa kabla ya swali.

Kuhusu wakati, saa za jua kali baada ya chakula cha mchana ndizo zinazofaa, kwani hakuna anayetaka kuwa uwanjani na kazi za nyumbani zimeshapungua. Nusu saa inatosha kuanzia, simu zote zikiwekwa chumba kingine, ya mzazi ikiwamo. Amri ya kusoma inayotoka kwa mtu anayepekua simu haina nguvu. Usidai muhtasari, usiulize mafunzo ya hadithi, na mtoto akitaka kuacha kitabu katikati, mruhusu achukue kingine. Atakayesimulia mwenyewe wakati wa chakula cha jioni, asikilizwe.

Vitabu vya kusafiri navyo vijalidiwe kwa gazeti au karatasi ya khaki, na katuni, ambazo karatasi yake ni nyembamba, ziwekwe ndani ya faili la plastiki. Pwani, unyevu hutia kutu pini za katikati na kutu hiyo hula karatasi, kwa hiyo nakala unayotaka kuitunza miaka mingi itolewe pini na kushonwa kwa uzi. Riwaya za mfululizo zinazouzwa kwa WhatsApp zilipiwe kwa mwandishi wake, na faili lisisambazwe kwenye kundi la familia. Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, andika orodha ya vilivyoazimwa na wenyewe, virudishwe maktaba na kwa majirani mapema, kabla havijaingia ndani ya begi la shule pamoja na madaftari mapya.