Loodi balansa inashika na kuachia? Usiristati kwanza

Wakuu, hasa nyie mnaolea sava maofisini hapa Dodoma, kuanzia Mtumba mpaka Njedengwa, hili tatizo la loodi balansa (kigawa trafiki) kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye sava nyingi, linatesa sana, sistimu inafunguka, ukirifreshi inagoma, ukirudia inafunguka tena. Wengi wanakimbilia kuristati, inatulia, kesho yale yale. Ukiristati unafuta ushahidi.

Ipite pembeni loodi balansa. Chukua IP ya kila nodi (sava moja ya Kubernetes), weka namba ya NodePort (mlango wa sevisi kwenye kila nodi), kwa kawaida ni kati ya 30000 na 32767, halafu piga curl (amri ya kuita ukurasa) nodi moja moja, rudia mara nyingi na taimauti fupi. Kama inayogoma ni nodi ileile kila mara, cheki externalTrafficPolicy (mpangilio wa trafiki inayoingia toka nje) ya hiyo sevisi. Ikiwa Local, nodi isiyo na podi (nakala ya programu inayoendeshwa) ya hiyo sevisi inatupa trafiki, haimpasii jirani, na imetengenezwa hivyo makusudi ili IP ya mteja isipotee. Sasa kwa nini loodi balansa inaendelea kutuma watu kule? Mara nyingi ni kwamba haikagui healthCheckNodePort (mlango unaosema kama nodi ina podi ya sevisi), yenyewe inaangalia tu kama nodi iko hewani, basi. Rekebisha hapo. Ukibadili kuwa Cluster itapona pia, ila logi hazitaonyesha tena IP za wateja, na kwa ofisi inayokaguliwa mi nisingeshauri kabisa.

Nodi zote zinajibu ila kwa kubahatisha? Basi angalia podi, piga kubectl get endpointslices (orodha ya IP za podi za sevisi) ulinganishe na podi zako, unaweza kukuta selekta (kichujio cha lebo) imeokota podi ya kazi nyingine yenye lebo inayofanana, au podi haina readinessProbe (kipimo cha utayari) kwa hiyo inapewa watu kabla haijaamka vizuri.

Wenye MetalLB (loodi balansa ya Kubernetes kwa sava zako mwenyewe) ya modi ya L2, IP ya sevisi inajibiwa na nodi moja kwa ARP (njia ya kuuliza IP fulani ni ya kifaa gani), kwa hiyo DHCP (kigawa IP cha ofisi) ikiigawa IP hiyohiyo kwa printa au kamera ni ugomvi tu. Piga arping ukiwa mtandao huohuo, zikirudi MAC (namba za utambulisho wa kifaa) mbili umeshampata mchawi, zitoe IP za MetalLB kwenye renji ya DHCP. Na kama kube-proxy yako (inayoelekeza trafiki ya sevisi kwenye nodi) iko modi ya IPVS, weka strictARP: true.

Kurasa ndogo zinafunguka ila faili kubwa linakwama? Hiyo MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), VXLAN (handaki la mtandao wa podi) inakula baiti 50, kwa hiyo kwenye 1500 podi zikae 1450. Ikigoma wakati watu wamejaa tu, soma dmesg (logi za kernel), ukikuta "nf_conntrack: table full" ongeza nf_conntrack_max (kikomo cha miunganisho inayofuatiliwa) kwenye nodi hiyo.