Kulala msituni bure Marekani: namna ninavyotafuta pa kupiga kambi kwenye ardhi ya umma

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Tanga, aliyehamia Aurora hapa Colorado si muda mrefu, alinipigia simu Jumatano jioni. Ijumaa alitaka kumpeleka mkewe milimani, na kambi zote za kulipia alizojaribu zilikuwa zimejaa. Nikamwambia, mdogo wangu, kambi hizo wenyeji huzishika miezi mingi kabla, nyingine hata nusu mwaka. Sisi wengine tunalala bure na hatugombanii na mtu. Nilidhani nitamweleza kwa dakika kumi. Tulikaa kwenye simu zaidi ya saa mbili, na karibu muda wote ulikwenda kwenye ramani moja tu. Ndiyo maana naandika, ili mwingine akinipigia nimtumie hii.

Hatua ya 1: Jua ni ardhi gani unayoitafuta

Wenyewe ni idara mbili za serikali kuu ya Marekani. Forest Service inasimamia misitu ya taifa, ekari kama milioni 193. BLM, yaani Bureau of Land Management, ina ekari kama milioni 245, nyingi zikiwa nyika na majangwa ya magharibi. Kote huko kanuni ya msingi ni kwamba unaruhusiwa kulala, isipokuwa pale palipokatazwa. Hulipi, huweki nafasi. Kwa kawaida mwisho ni siku 14, kisha unahama. Huduma hakuna: choo hakuna, bomba hakuna, meza hakuna, pipa la taka hakuna. Ukitafuta mtandaoni andika "dispersed camping" pamoja na jina la msitu unaoutaka.

Hifadhi za taifa kama Rocky Mountain au Yellowstone ni habari nyingine kabisa, huko huegeshi popote ukalala. Watu wetu wengi huwa hawaniamini kwenye jambo hili, kwa sababu nyumbani tumezoea kwamba penye msitu wa serikali pana geti, askari na kiingilio. Hapa geti mara nyingi halipo. Shida yake ni kwamba hakuna wa kukuambia umekosea mpaka umeshakosea.

Hatua ya 2: Soma rangi

Natumia CalTopo, tovuti ya ramani, tena kwenye kompyuta, si kwenye kioo cha simu. Washa tabaka linaloonyesha mmiliki wa ardhi. Kwenye ramani za BLM njano ni yao wenyewe, kijani ni msitu wa taifa, bluu hafifu ni ardhi ya jimbo, nyeupe ni ya mtu binafsi. Programu nyingine hubadilisha rangi kidogo, angalia ufunguo.

Bluu ndiyo inayodanganya. Utaona vimraba vya maili moja kwa maili moja vimetapakaa kwa mpangilio ule ule. Ni vipande ambavyo majimbo yalipewa yalipoundwa, ili mapato yake yagharamie shule. Ni mali ya jimbo, lakini si ya umma kwa maana tunayoitafuta. Huko Colorado ardhi hiyo kwa kawaida imefungwa kwa watu kama mimi na wewe. Arizona lazima ulipie kibali kwanza. Mimi bluu naihesabu sawa na nyeupe, narukia mbele.

Hatua ya 3: Ramani ya MVUM, hapa kaa chini

Safari yangu ya kwanza sikuijua hii ramani ya njia za gari msituni. Nilichukua alama kwenye tovuti moja ya watu wanaoshirikishana sehemu za bure. Maoni yalikuwa ya sifa tupu, picha nzuri. Nikaifuata programu ya simu ya kuelekeza njia, tukaingia barabara ya vumbi, tukapita geti lililokuwa wazi, miti huku na huku. Saa mbili usiku hema limesimama, watoto wameshiba. Saa tano usiku tochi ikatumulika, na mbwa nyuma yake. Mzee mmoja, mstaarabu, ila hakuwa na mzaha: mko kwenye ardhi yangu. Na kweli tulikuwa kwake. Milima ya Colorado imejaa viwanja vya machimbo ya zamani ambavyo watu walimilikishwa kwa sheria ya madini ya mwaka 1872, vimekaa kama viraka katikati ya msitu. Tulifunga hema gizani, tukalala kwenye maegesho ya kituo cha mafuta. Kwa mtu mweusi kukutwa usiku kwenye ardhi ya mtu asiyemjua, huko shamba Marekani, si jambo la kulichukulia poa. Mke wangu hajasahau hadi leo.

Basi. MVUM ni kifupi cha Motor Vehicle Use Map. Kila msitu wa taifa unatoa yake, bure, kwa karatasi ofisini au kwa PDF kwenye tovuti ya Forest Service. Zilitokana na kanuni ya mwaka 2005 iliyoagiza kila msitu uonyeshe njia ambazo gari linaruhusiwa kupita. Kanuni yenyewe ni kali: barabara isiyochorwa humo imefungwa kwa gari, hata kama unaiona kwa macho yako, ina alama za matairi na hakuna kizuizi. Kibao kikiwa kimeng'olewa, kosa bado ni lako.

Sura yake inakatisha tamaa. Nyeusi na nyeupe, milima haionekani, majina machache, mistari mingi inayofanana. Usikimbie. Tafuta mambo manne kwa utaratibu huu.

Kwanza kivuli. Eneo la msitu limetiwa kijivu. Nyeupe iliyo ndani ya kijivu si msitu, ni ya mtu au ya taasisi nyingine. Yule mzee alikuwa kwenye kidoa cheupe ambacho ukipepesa macho hukioni. Ningekuwa na ramani hii ningelala usingizi wangu.

Pili nukta. Pembeni mwa baadhi ya barabara kuna msururu wa nukta ndogo, upande mmoja au pande zote mbili. Mwaka mzima nilidhani ni uchafu wa printa. Kumbe nukta ndizo kambi zenyewe: zinasema hapa unaruhusiwa kutoka barabarani na gari lako ukaweke hema. Umbali wa kuingia ndani umeandikwa kwenye maelezo ya pembeni, na unatofautiana. Msitu mmoja futi 150, mwingine 300. Usichukue kanuni ya msitu mmoja ukaipeleka kwa jirani yake. Tena nukta zikiwa upande wa kushoto tu, kulia usiingie. Barabara isiyo na nukta haimaanishi lazima urudi nyumbani, mara nyingi unaruhusiwa kuegesha kandokando kabisa ya njia, kisha ukabeba hema kwa miguu. Ila iko misitu isiyotumia nukta, imeandika kanuni kwa maneno, na iko sehemu, hasa karibu na miji, ambako siku hizi unalala kwenye nafasi zenye namba tu. Kwa hiyo yasome yale maandishi madogo yote. Yote. Hapa ndipo simu yetu na kijana ilipokwama, kwa sababu alikuwa akisoma ramani ya wilaya ya jirani huku mimi naitazama ya pale anapokwenda.

Tatu tarehe. Barabara nyingi za milimani hufunguliwa kwa msimu, na alama yake inakupeleka kwenye jedwali la tarehe. Theluji haijali likizo yako. Barabara inayofunguliwa katikati ya Juni, Mei mwishoni utakuta geti na kufuli.

Nne namba. Ziandike kwenye karatasi. Ukifika huko, vibao navyo vina lugha yao: namba iliyoandikwa kwa kulala, kama tunavyosoma kawaida, ni barabara ambayo gari dogo linaweza kwenda. Namba iliyosimama, tarakimu moja juu ya nyingine kwenye kijiti chembamba, ni barabara isiyotunzwa kwa ajili ya gari dogo. Una Corolla? Ukiona namba imesimama, geuza. Njia ndogo zinazochepuka huwa na namba ya mama yake na herufi mbele, kwa mfano 203.A, na mara nyingi huko kwenye vichepuko ndiko kwenye utulivu.

Ukishaelewa, shusha ramani hiyo hiyo kwenye programu ya Avenza ukiwa bado kwenye waifai ya nyumbani. Utaona kidoti cha bluu kinatembea juu ya MVUM bila mtandao wowote, kwa sababu GPS ya simu haihitaji bando. Kwangu hiki ndicho chombo kimoja nisichokiacha. Wapo wanaolipia programu nyingine za ramani kama Gaia au onX, ni nzuri, sina ugomvi nao. Ila usiniambie unaingia msituni na ile programu unayoitumia kwenda kazini. Ile hutafuta njia fupi. Kama njia ni halali si kazi yake.

Kwenye ardhi ya BLM ramani si hizi. Kila ofisi yao ya eneo ina yake, na kanuni ya jumla ni kukaa kwenye barabara zilizopo na nafasi zilizokwisha kutumika.

Hatua ya 4: Chagua sehemu tatu, si moja

Fungua picha za setilaiti, fuata barabara yenye nukta, tafuta vipara vya udongo kandokando na duara la mawe yenye masizi. Palipolalwa jana ndipo pa kulala leo. Usifyeke majani mapya. Weka alama tatu. Ya kwanza itakuwa na mtu.

Hatua ya 5: Piga simu ofisi ya wilaya ya msitu

Piga siku za kazi, maana Jumamosi ofisi nyingi hazipokei. Kiingereza chenye lafudhi yetu hakimsumbui mtu, watu hao huwa wanafurahi umeuliza. Nauliza matatu: barabara namba fulani iko wazi? Kuna tope? Na moto, mko hatua ya ngapi?

Swali la moto lisikupite, hasa nyinyi wa nyama choma. Kukiwa na vizuizi vya hatua ya kwanza, huwashi moto msituni nje ya kambi rasmi zenye majiko yaliyojengwa. Duara la mawe ulilolikuta halihesabiki, na jiko la mkaa nalo linahesabiwa ni moto. Hatua ya pili ni moto hakuna popote. Jiko la gesi lenye swichi ya kuzima kwa kawaida linaruhusiwa, lakini uliza. California unahitaji kibali hata kwa hilo jiko la gesi. Mimi nimeacha kabisa kuwasha kuni. Nachoma nyama nyumbani, naipasha kule, na nafuta harufu vizuri kwa sababu ya dubu. Chakula chote hulala ndani ya gari, milango imefungwa kwa loki, maana dubu wa Colorado wanajua kufungua kitasa.

Hatua ya 6: Fika kabla ya saa kumi alasiri

Hili silijadili. Ukifika mchana unaona kibao, unaona uzio, unaona jirani, naye anakuona wewe. Ardhi uikague kwa miguu kabla ya kushusha kitu. Tazama juu: misonobari mingi huku imeuawa na wadudu, imekauka ikiwa imesimama, na upepo wa usiku huiangusha. Tazama chini: kikorongo kikavu chenye mchanga laini kinavutia kama kitanda, na mvua ikinyesha maili kadhaa juu yako kinakuja na maji. Hema liwe futi 200 kutoka kwenye mto au ziwa, hatua kama 70 za mtu mzima.

Udongo nao. Utah na sehemu za Colorado kuna mfinyanzi ambao ukikauka ni lami, ukilowa ni ule ule wa mbugani kwetu, unaofanya tairi kuwa andazi. Mawingu yakikusanyika na njia yako ni ya udongo huo, ondoka kwanza, ule baadaye. Gari la kukuvuta huko halipatikani kwa hela ya mchezo.

Hatua ya 7: Vitu vya kubeba

Hema unajua. Maji galoni moja kwa mtu kwa siku, na ya ziada. Beleshi dogo la kuchimbia choo: inchi 6 hadi 8 kwenda chini, mbali na maji umbali ule ule wa hatua 70, na karatasi urudi nayo kwenye mfuko. Jangwani karibu na Moab, Utah, wanataka ubebe kila kitu, hata hicho. Tairi spea lenye upepo, uliloliangalia kwa mkono. Msimu wa uwindaji, vuli, vaa fulana ya rangi ya chungwa hata ukienda kukojoa.

Na blanketi. Juu ya futi 9,000, Julai kabisa, usiku unaweza kushuka mpaka karibu na barafu. Kijana wangu wa Tanga nilimwambia mara tatu. Jumapili alinitumia picha: sehemu ya kwanza ilikuwa na watu, ya pili wameipata, kijito kiko kwa mbali, mlima nyuma. Mkewe amekaa mbele ya hema amejifunga khanga mbili, shuka la Kimasai, taulo, na zulia la gari juu yake.